Ukisusa, wenzio wala: Je, Nyerere alikosea kumkataa Amin?

Msomaji wa Kyaka, wilayani Missenyi, anauliza: "Mwalimu, shikamoo. Babu yangu alipoteza ng'ombe wote mwaka 1978 askari wa Amin walipoingia kwetu. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na kila tukipigiana simu tunaishia kubishana. Yeye anasema Nyerere angekubali kukaa na Amin tangu mwanzo, vita isingetokea; kiongozi hata awe katili vipi, unaongea naye tu. Mimi nasema muuaji hapewi kiti. Siku hizi tunaona marais wanaofunga wapinzani wao wakitandikiwa zulia jekundu, na wengine wa namna hiyo hiyo wakiwekewa vikwazo. Sasa kanuni ni ipi?"

Marahaba. Pole kwa ng'ombe wa babu. Nimezunguka vijiji vya huko kwenu, na nadhani hakuna nyumba ya wazee isiyo na hesabu ya mifugo iliyovushwa mto Kagera mwaka ule.

Nianze na kaka yako, maana hoja yake ndiyo inayopendwa siku hizi. Anadhani Amin hakupata mtu wa kumsemeza. Walikuwepo, tena wengi. Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Uingereza haikumaliza hata wiki mbili, ikamtambua. Julai mwaka huo huo alikuwa London, akala chakula cha mchana na Malkia kwenye kasri la Buckingham. Israeli walikuwa marafiki zake wa chanda na pete, wakimfundishia jeshi. Kama kukaribishwa na kuchekewa kungemlainisha mtu yule, basi mwaka 1971 alilainishwa vya kutosha.

Mwaka uliofuata, kabla ya nusu yake kwisha, Waisraeli walikuwa wameshafukuzwa, na Gaddafi wa Libya ndiye rafiki mpya. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na zaidi ya watu 27,000 wakaishia mlangoni mwa Uingereza ile ile iliyomlisha. Ndani ya kambi za jeshi, askari Waacholi na Walangi walikuwa wanauawa tangu miezi ya mwanzo kabisa, wakati picha za London bado mbichi. Kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba jaribio lake lilifanyika, na sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona majibu yake.

Hata hiyo vita ya 1978, sioni kwamba ilitokana na watu wawili kutosalimiana. Ilitoka ndani ya jeshi la Amin. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka kutoka kilele cha 1977, fedha ya kuwagawia wakubwa wa jeshi ikapungua, makamu wake Mustafa Adrisi akaumia vibaya kwenye ajali ya gari iliyozua maneno mengi, na askari waliomuunga mkono wakaanza kuasi. Inasemekana wale walioasi upande wa kusini walikimbilia mpakani, wakafuatwa, na mwisho wa Oktoba jeshi la Amin likawa kwenu Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto ni la Uganda. Chai na Nyerere isingerudisha bei ya kahawa.

Lakini usianze kumpigia kaka simu ya ushindi. Na wewe nina neno nawe.

Nyerere alisusa kwelikweli. Alimpokea Obote Dar es Salaam, akakataa kuutambua utawala mpya wa Kampala, akasema hawezi kukaa meza moja na muuaji. Kwa heshima ya nchi lilikuwa jambo la kujivunia, na mimi niliyekuwa mtoto wakati ule nilijivunia. Ila tuangalie lilizaa nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongozwa na marais watatu, na wale watatu hawakukutana tena. Jumuiya ilikufa 1977. Ugomvi wa Tanzania na Kenya ulichangia sana, tena huenda kuliko Amin, lakini nyumba ambayo wazee wake hawakai kikao ikipata ufa nani atauziba? Na Amin hakuondoka. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake mkuu Kampala. Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia. Wengine wakaenda, wakala, wakacheza, na Amin akakabidhiwa uenyekiti wa Umoja. Ipo picha ya siku hizo, wafanyabiashara wa Kizungu wamembeba Amin juu ya kiti kwenye tafrija, naye anacheka. Wahenga walishasema, ukisusa, wenzio wala.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo watu wa Kagera mnapaswa kulijua kuliko wote, na sijui kwa nini halisimuliwi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote wapatao elfu moja walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kuipindua serikali ya Amin. Mpango ulikuwa wa ovyo. Ndege ya kuwapeleka wengine Entebbe ilichukuliwa Dar es Salaam, ikatua Kilimanjaro matairi yakapasuka, safari ikafia hapo. Waliokwenda kwa miguu na malori walipigwa wakarudi nyuma. Amin akajibu kwa kulipua Bukoba na Mwanza kwa ndege. Vita kamili ilikuwa inanukia.

Aliyeizima ni Siad Barre wa Somalia. Mawaziri wa Tanzania na Uganda walikutana Mogadishu, na Oktoba 1972 wakatia saini kwamba kila upande urudishe jeshi lake kilomita 10 kutoka mpakani, na hakuna atakayewafadhili waasi wa mwenzake. Nyerere hakumpa Amin mkono, hakupiga naye picha, hakumwita ndugu. Lakini karatasi ilisainiwa, na mpaka wenu ukapata miaka sita ya kuvuta pumzi, pamoja na vituko vya hapa na pale. Babu yako alifuga wale ng'ombe kwenye kivuli cha karatasi ile.

Ndiyo maana mabishano yenu yananipa shida. Mnachanganya mambo mawili: kumtenga mtu na kukata mawasiliano. Unaweza kumnyima kiti cha mbele na bado ukamtumia mjumbe usiku.

Sasa vikwazo. Mwaka 1976, baada ya abiria wa ndege iliyotekwa kushikiliwa Entebbe na makomando wa Israeli kuja kuwaokoa, Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Amin. Kwenye magazeti ikaonekana ametengwa. Wakati huo huo ndege za Uganda ziliendelea kutua Stansted, kaskazini ya London, zikipakia wiski, sigara, redio na vitu vingine vya kuwafurahisha maofisa wa jeshi, halafu zinarudi Entebbe. Waingereza wenyewe waliziita safari za wiski. Mwanamke wa Masaka alikuwa hapati sabuni wala chumvi, lakini meja wa kikosi hakukosa chupa yake. Fedha za kununulia zilitoka kwenye kahawa, ambayo ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nje ya Uganda, na mnunuzi wake mmoja mkubwa alikuwa Marekani, nchi iliyofunga ubalozi wake Kampala tangu 1973. Sheria ya Bunge la Marekani ya kuacha kununua kahawa hiyo ilipitishwa Oktoba 1978. Miaka mitano kati ya kuondoa balozi na kugusa mfuko! Mimi nikisikia nchi imeondoa balozi wake mahali, huwa nauliza kwanza ndege za mizigo zinaendelea kutua wapi.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha swali lako. Kumsusia mtawala kuna uzito pale tu anayesusa ndiye mwenye ufunguo wa mlango anaopitia yule mtawala, awe jirani mwenye bandari au mnunuzi wa zao lake. Na pili, awe amemwambia wazi afanye nini mlango ufunguliwe. Amin hakuambiwa hivyo na yeyote. Dai la Nyerere, ukiliangalia kwa macho makavu, lilikuwa Amin asiwepo. Hilo mtu halitimizi kwa hiari yake. Sisemi dai lilikuwa baya. Nasema dai la namna hiyo mwisho wake ni bunduki, na bunduki ndiyo iliyolitimiza, Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi yetu na Waganda waliopigana nasi, tarehe 11 Aprili 1979.

Nyerere mwenyewe nadhani alilijua hilo, maana miaka 17 baadaye alifanya tofauti kabisa, na hiyo ndiyo hadithi ninayotaka uipeleke Muscat.

Tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimuondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya, ambaye siku mbili tatu kabla alikuwa amekimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani Bujumbura. Akawekwa Meja Pierre Buyoya, kwa mara ya pili katika maisha yake. Siku sita baadaye, tarehe 31, viongozi wa kanda walikuwa Arusha, na Nyerere akiwa msuluhishi. Wakaiwekea Burundi vikwazo na kuifungia njia. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Ethiopia, na Zambia ikaungana nao. Angalia ramani ya Burundi uone maana yake: nchi haina bahari, mafuta na mizigo yake inapita kwa treni ya Dar mpaka Kigoma halafu meli, au kwa lori kupitia Kabanga, mpakani kule Ngara. Wenye ufunguo wote walikaa chumba kimoja.

Na hawakumwambia Buyoya "ondoka". Walimwambia arudishe Bunge, afungulie vyama vya siasa, na akae kuzungumza bila masharti na pande zote, wakiwemo wale wa msituni. Mambo matatu, yanayohesabika kwa vidole, ambayo mtu anaweza kuyafanya bila kujinyonga.

Mimi wakati ule nilikuwa Ngara, kijana wa shirika moja la misaada, kazi yangu kuhesabu magunia. Naikumbuka Kabanga ya Agosti. Malori yalijipanga kando ya barabara, turubai zimeanza kupauka, madereva wanapika ugali chini ya tela na kucheza bao. Lori letu la unga lilihitaji kibali chenye mihuri mingi, na tulikaa siku nne kwa sababu orodha ya kibali ilisema "chakula" na afisa mmoja akataka kujua mafuta ya kula ni chakula au ni mafuta. Tulicheka baadaye, siku ile hatukucheka. Upande wa pili wa kilima, vijana wa baiskeli walikuwa wanapita njia za panya na madumu ya petroli, mawili nyuma na moja kwenye mwamba wa baiskeli. Ukikutana nao asubuhi wanasalimia vizuri tu. Petroli iliyokuwa inauzwa Ngara kwa bei ya kawaida ilifika Muyinga ikiwa na thamani ya mara kadhaa, na kila bega ililopitia lilikata chake. Walioteseka walikuwa wakulima waliokosa mbolea na kliniki zilizokosa mafuta ya jokofu la chanjo. Walionenepa ni wenye vibali na wenye vyeo, Bujumbura na upande wetu pia. Usikubali kuambiwa kwamba vikwazo havina maiti.

Nilisema wakati ule, mbele ya wenzangu, kwamba ile kitu haifiki Krismasi. Nilikosea. Ilifika 1999.

Buyoya alianza kusogea mapema kuliko nilivyotarajia. Kabla mwaka 1996 haujaisha alikuwa amerudisha Bunge na kuruhusu vyama. Watu wake walianza mazungumzo ya siri na waasi wa CNDD, Roma, kwa msaada wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Viongozi wa kanda nao wakalegeza: Aprili 1997 chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo vikaruhusiwa kupita. Hii hatua watu huipuuza, nami naiona ndiyo ya maana kuliko zote. Mlango ulipofunguliwa kidogo baada ya hatua kidogo, Bujumbura ilijifunza kwamba waliofunga wanaweza pia kufungua. Kikwazo kisichojua kulegea kinamfundisha mtawala kuishi nacho tu, na walanguzi wake wanakuwa wa kwanza kuomba kisiondoke.

Juni 1998 mazungumzo yakaanza Arusha, pande nyingi zikiletwa mezani. Tarehe 23 Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa. Nyerere alifariki Oktoba mwaka huo, Mandela akachukua nafasi yake, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Watu wa Buyoya mpaka leo watakuambia vikwazo vilichelewesha amani. Wengine tunasema bila vikwazo Buyoya asingemwita yeyote. Ukweli unao pia waasi waliokuwa wanapigana kila siku vilimani, na sidhani kama mtu mwaminifu anaweza kuwatoa kwenye hesabu.

Pima hiyo na Burundi ya miaka ya karibuni. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza aliamua kugombea muhula wa tatu, watu wakauawa mitaani Bujumbura, mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakaja kwetu tena. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali yake. Fedha nyingi, na ziliuma. Lakini mlango wa Kabanga haukufungwa, meli za Kigoma hazikusimama. Majirani waliita mazungumzo chini ya Museveni, Mzee Mkapa akayaendesha kwa uvumilivu wa ajabu, na serikali ya Bujumbura ikawa inakataa kukaa na wale iliowaita wapinduzi. Julai 2017 Nkurunziza alivuka mpaka kuja Ngara kuonana na Magufuli, safari yake ya kwanza ya nje tangu jaribio la kumpindua. Alipokelewa vizuri. Ulaya ilikuwa na sauti bila ufunguo, na majirani tulikuwa na ufunguo bila kutaka kuushika. Kati ya hapo mtawala anapita bila hata kuinama.

Sasa kaka yako ana hoja moja yenye nguvu ambayo inaelekea haijui. Wakati mwingine wa kuzungumza naye si dikteta mwenyewe, ni anayemlisha. Ian Smith wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, aliwekewa vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu 1966, akaishi navyo zaidi ya miaka kumi, kwa sababu Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno zilimpitishia kila kitu. Rais Kaunda wa Zambia aliamua kumsemeza Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, kaburu mwenyewe, jambo lililowaudhi wengi. Agosti 1975 waliwaleta Smith na wapigania uhuru kwenye daraja la Maporomoko ya Victoria, ndani ya mabehewa ya treni yaliyoegeshwa katikati, nusu Zambia na nusu Rhodesia, ili kila mmoja akae bila kutoka kwao. Kikao kile hakikumaliza hata siku mbili kikavunjika. Lakini mwaka uliofuata, Msumbiji huru ilipofunga mpaka na Vorster akaanza kuminya reli yake, Smith alitangaza redioni kukubali utawala wa walio wengi. Alitaka kuchelewesha, na alichelewesha hadi 1979, lakini neno lilikuwa limeshamtoka.

Kuhusu mazulia mekundu unayoyaona kwenye televisheni, sina hasira nayo kama wewe. Kiongozi wetu akikutana na mtu wa aina hiyo, mimi natazama ratiba. Je, mgeni alipewa kitu kabla hajatoa kitu? Kuna mfungwa aliyetajwa kwa jina kwenye mazungumzo, hata kama gazeti halikuandika? Wajumbe wetu wanaokwenda kule wanaonana na upinzani, maaskofu, masheikh, au wanalala hotelini na kurudi? Ziara isiyo na majibu ya maswali hayo ni London ya Julai 1971. Na ukiona kikwazo kipya kimetangazwa, tafuta orodha ya masharti yake. Kama unahitaji mwanasheria kuyaelewa, au kama sharti ni moja tu, jamaa afe au akimbie, jiandae kupokea wakimbizi.

Umeuliza kama Nyerere alikosea. Kumnyima Amin mkono, hapana. Kukubali Mogadishu, alifanya vyema, ingawa naamini ilimchoma. Pale 1972 kuruhusu wale elfu moja wavuke, alikosea, na Bukoba na Mwanza zikalipa. Novemba 1978 aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, hakukuwa tena na la kuzungumza, na hata hivyo mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, wapo wakuu wa nchi waliosimama kumlaumu.

Buyoya alimkabidhi makamu wake, Domitien Ndayizeye, tarehe 30 Aprili 2003, kama mkataba ulivyosema, akatoka kwa miguu yake. Mahakama ya nchi yake ilikuja kumhukumu kifungo cha maisha mwaka 2020 kwa mauaji ya Rais Ndadaye, naye akiwa nje, akafa kabla mwaka haujaisha. Amin alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, miezi mitatu na nusu baada ya Buyoya kukabidhi, hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote, akiwa mgeni wa serikali iliyomhifadhi kwa zaidi ya miaka ishirini.